Kitambulisho cha Binamu

“Dada, figo za mume wangu zimefeli. Binamu yake anaishi upande wa Kenya na SHA yake imelipwa. Wanafanana kama mapacha. Nimpeleke na kitambulisho cha huyo binamu?”

Aliyeuliza anaishi Sofia, Busia ya Uganda. Wa namna hii wako wengi, tofauti ni kwamba yeye ameuliza kabla ya kufanya.

Mdogo wangu, sikulaumu. Hapa kwetu mtu analala Uganda na kuuza nyanya Kenya. Wasamia wako huku na kule, na Wateso ni hao hao kuanzia Tororo mpaka ng’ambo ya Malaba. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho tu. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kadi inayokupitisha mpakani itakupitisha na kwenye chumba cha kusafishia damu.

Haitakupitisha. Na hata kama kuna mlango ambao haujafungwa sawasawa, usiupite.

Siku hizi hospitali za Kenya zinamtambua mwanachama wa SHA, yaani bima ya afya ya taifa, kwa alama za vidole. Kufanana na binamu hakusaidii kitu hapo. Pia ni kosa kisheria, na atakayeshikwa si mgonjwa peke yake, ni pamoja na binamu aliyetoa kadi kwa huruma. Lakini kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Kabla ya kumweka mtu kwenye mashine, wauguzi humpima homa ya ini aina ya B, aina ya C na virusi vya ukimwi. Mwenye homa ya ini ya B hutengewa mashine yake, asiwaambukize wenzake. Majibu hayo yanaandikwa kwenye faili lenye jina. Sasa faili ni la binamu, damu ni ya mume wako. Siku binamu atakapoletwa na ajali ya bodaboda, daktari atasoma historia ya mtu mwingine.

Halafu, Mungu apishe mbali, mgonjwa akifia wodini? Hospitali itaandika kwamba binamu amefariki. Kibali cha mazishi kitatoka kwa jina la binamu. Mtavukaje na maiti Busia wakati jina kwenye karatasi ni la mtu aliyesimama pale pale akilia?

Basi tuangalie njia zilizopo, tukianza na Kenya kwa kuwa ndiko kwenye mambo mengi ya kueleza.

SHA ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara, yaani mama wa omena, fundi na mwendesha boda, anajibu maswali kuhusu nyumba yake: paa ni la nini, maji mnachota wapi, choo ni cha aina gani. Majibu hayo ndiyo yanayoamua atalipa kiasi gani. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, nazo zinatakiwa za mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600. Ukishindwa kuzikusanya, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Kujiandikisha ni kupiga *147# au kwenda Huduma Centre. Ukiona umekadiriwa kiasi ambacho hata mwenye duka la jumla angelalamika, nenda kwenye ofisi za SHA uombe makadirio yapitiwe upya. Usinung’unikie kibarazani.

Kujiandikisha si kulipa. Hapo ndipo wengi huangukia. Kwenye zahanati na kituo cha afya, gharama inabebwa na mfuko wa afya ya msingi ambao serikali ndiyo inaujaza, kwa hiyo kujiandikisha kunatosha. Kusafisha damu kunafanyika kwenye hospitali kubwa, na huko wanaangalia kama mchango wako umelipwa. Mtu anafika hospitali ya rufaa akiwa na furaha kwamba “niko SHA,” mfumo unafunguliwa, unaonyesha hajalipa hata mwezi mmoja.

Kingine kinachowauma watoto wema: SHA yako inakuhusu wewe, mwenzi wako na watoto. Mama yako hayumo, hata kama wewe ndiye unayemlisha. Yeye ni kaya yake, aandikishwe kwa jina lake na alipiwe. Usingoje miguu ivimbe. Shilingi 3,600 za mzee aliye mzima ni rahisi kuchangishana kuliko laki za mzee aliyelazwa.

Tupige hesabu. SHA inalipa hospitali shilingi 10,650 kwa kila kipindi cha kusafisha damu. NHIF ilikuwa ikilipa 9,500. Mgonjwa wa kawaida anahitaji angalau vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja kama saa nne. Viwili kwa wiki, mwaka mzima, ni zaidi ya shilingi milioni 1.1 za Kenya. Hakuna harambee ya familia inayoweza kubeba mzigo huo. Kikundi cha WhatsApp kitachanga mwezi wa kwanza kwa machozi, wa pili kwa “poleni sana,” na wa tatu watu wataanza kutoka kikundini usiku. Nimeshuhudia, na sidhani ni ubaya wa watu. Ugonjwa usioisha hauchangiwi kama matanga.

Hata bima ikilipa, bado kuna gharama ambazo ni za nyumbani. Nauli mara nne kwa wiki, kwenda na kurudi. Chakula cha mgonjwa na cha anayemsindikiza. Na kabla hamjaanza, muulize muuguzi wa kitengo cha figo maswali haya bila aibu: sindano za kuongeza damu zimo kwenye malipo ya SHA? Mpira wa shingoni je? Upasuaji wa kuunganisha mishipa ya mkono, ili asiendelee kuchomwa shingoni, utalipwa na nani? Yaandike majibu kwenye daftari. Mgonjwa wa figo huchoka hata akili, kwa hiyo daftari lishikwe na wewe.

Sasa Uganda, mdogo wangu, maana mume wako ni Mganda na huko ndiko haki yake iliko. Ada kwenye hospitali za serikali zilifutwa Machi 2001, isipokuwa zile wodi za kulipia. Bima ya taifa haijapatikana: Bunge liliupitisha muswada wake Machi 2021, lakini haukupata saini ya Rais. Ndiyo maana majirani zako wanaitamani SHA. Lakini kukosa bima hakumaanishi serikali haichangii. Kituo kikubwa cha umma cha kusafisha damu ni Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu, Kampala, ambako serikali inabeba sehemu kubwa ya gharama. Ubaya wake ni barabara: kutoka hapa ni kama kilomita 200 kwenda, na huduma yenyewe haisubiri mwezi ujao. Wanaotoka mbali wengi huishia kupanga chumba Kampala, na kodi hiyo hailipwi na serikali.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpeleke kwanza hospitali ya Masafu, au ya Tororo kama ndiko karibu, upate barua ya rufaa yenye vipimo vyote, hasa kriatinini na kipimo cha picha cha figo. Ukiwa na barua hiyo, ulizia Hospitali ya Rufaa ya Mbale kabla ya kufikiria Kampala, kwa sababu serikali imekuwa ikipeleka mashine za figo kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Piga simu au mtume kijana akaulize mwenyewe. Kumpakia mgonjwa aliyevimba ndani ya matatu kwenda kubahatisha ni ukatili, hata kama nia ni njema. Na popote utakapofika, tafuta ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Hao ndio wanaojua nani anasamehewa nini. Nenda na barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) inayoeleza hali yenu.

Kuna mambo mawili ya Kenya ambayo mume wako anaweza kuyatumia kihalali. Akizidiwa ghafla akiwa upande huo, kifua kimejaa maji na hapumui, Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Imesema “mtu,” haikusema Mkenya. Bili itafuata, lakini kwanza atahudumiwa. Na kama ninyi mnaishi Kenya kweli kweli kwa zaidi ya miezi 12, mna karatasi za ukaazi, sheria ya SHA inamruhusu mgeni mkaazi kujiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Kwa jina lake, nasisitiza. Kulala kwa shemeji wikendi si ukaazi.

Vinginevyo atatibiwa Kenya kama mgonjwa wa fedha taslimu, na bei aulize mapema, kwa shilingi ya Kenya, kabla ya kuona wabadilisha fedha.

Kwa ninyi wengine mnaosoma huku mkishukuru kwamba si ninyi: shinikizo la damu na kisukari ndivyo vinavyoharibu figo nyingi, na vyote viwili huanza kimya. Kupima presha kunachukua dakika chache. Na wale mnaomeza dawa za maumivu kila jioni baada ya kubeba mizigo mpakani, figo zenu zinalipia.

Nimalizie na dada wa Malaba, upande wa Kenya, anayesema hospitali moja imemzuia baba yake kwa sababu ya bili. Mahakama Kuu ya Kenya ilisema mwaka 2015 kwamba kumfungia mgonjwa hospitalini kwa ajili ya deni ni kuvunja haki zake. Deni linabaki deni, na wanaweza kulidai kwa njia za kisheria. Nenda kwa msimamizi wa hospitali, si kwa mlinzi wa geti, uombe makubaliano ya kulipa kidogo kidogo kwa maandishi, na uombe ofisi ya ustawi wa jamii ipime kama anafaa kusamehewa sehemu. Nakala ya makubaliano ubaki nayo wewe.