Kabla ya Kununua Mashine ya Kuchongea Mawe Magumu

Vibanda vya vinyago kando ya barabara ya Diani, kutoka njia panda mpaka Galu, vimejaa mbao na mawe ya Kisii. Jiwe la Kisii, lile linalochimbwa Tabaka, ni laini hata ukucha hulikwaruza. Panga, kisu, tupa na msasa vyatosha kulitoa kiboko au bakuli. Fundi aliyezoea jiwe hilo akitaka sasa kuchonga jade, akiki au jiwe la kijani la Longido, Tanzania, vifaa vyake karibu vyote vinakosa kazi siku hiyo hiyo. Anakimbilia dukani kutafuta mashine yenye nguvu, na hapo ndipo pesa huanza kupotea.

Anza na jiwe. Wanajiolojia hupima ugumu kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Ukucha ni 2.5 hivi, kisu cha kawaida na kioo cha dirisha ni 5.5, tupa ya chuma ni 6.5. Matumbawe yaliyojengea msikiti wa Kongo pale mdomoni mwa mto Mwachema hayazidi 4, ndiyo maana mafundi wa zamani wa pwani hii waliweza kuyatia nakshi kwa vifaa vya chuma tu. Jade ni kati ya 6 na 7. Akiki na kwatzi ni 7. Tsavoraiti, ile ganeti ya kijani inayochimbwa Kuranze huku kwetu Kwale na jirani Taita Taveta, hufika 7 na zaidi kidogo. Rubi ni 9. Tembea na kisu na kipande cha tupa mfukoni. Ukiuziwa "jade" na kisu kikaacha mfereji juu yake, hiyo ni serpentini au jiwe jingine laini, na huna haja ya mashine ya maana kulichonga. Kinyume chake si hakika: kisu kikishindwa, huenda bado ni kwatzi iliyotiwa rangi. Na kabla ya kununua mawe ghafi kwa wachimbaji, uliza habari ya vibali. Sheria ya Madini ya 2016 haimruhusu kila mtu kufanya biashara ya madini.

Jade ina tabia ambayo kipimo hicho hakiionyeshi. Nyuzi zake zimesukana ndani kwa ndani, kwa hiyo haipasuki kwa patasi wala haimeguki. Ukiipiga nyundo, nyundo inakurudia. Inasagwa tu. Wachina wa kale waliichonga kwa mchanga wa kwatzi na maji, kwa kuwa kwatzi inaizidi ugumu kidogo, na kipande kimoja kiliwachukua muda mrefu sana. Leo kazi ya mchanga ule inafanywa na almasi, ambayo ni 10.

Basi mashine haikati jiwe. Inazungusha tu. Kinachokata ni chembe za almasi zilizo kwenye ncha ya biti, na zinakata vizuri zikiwa zimepoa. Ukikubali hilo, mpango wako wa kununua utageuka: pesa nyingi ziende kwenye biti, maji na usalama wa umeme, na mashine iwe ya wastani mradi inafaa. Wengi hufanya kinyume. Mtu ananunua mashine ya fahari, anaifungia biti za bei ya chini, kisha analalamika kwamba jiwe limemshinda.

Nguvu haipimwi kwa idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye boksi. Kinachohesabika ni kasi ya ukingo wa biti pale inapogusa jiwe. Biti ya milimita 3 ikizunguka mara 30,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kama mita 5 kwa sekunde. Ibadilishe uweke kisahani cha milimita 25 kwa mizunguko ile ile, na ukingo unafika karibu mita 39. Kisahani hicho kitarusha maji yote ukutani, kitapata moto, na kikivunjika kinaruka usoni. Kwa hiyo biti ndogo iende mbio, kubwa iende taratibu. Mashine isiyo na kipunguza mwendo usiinunue, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Kwa kazi ya kwanza, ile ya kukata bonge liwe kipande, watu wengi tayari wana grinda ya milimita 115. Inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, yaani ukingo wa mita 66 kwa sekunde. Kwa jiwe gumu lililoloweshwa hiyo ni mbio kupita kiasi, na grinda ya umeme haikuundwa kumwagiwa maji. Chaguo bora zaidi, na linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ni mashine ya mezani ya kukatia vigae kwa maji. Ya kisahani cha milimita 180 huzunguka karibu mara 2,950, ukingo wa mita 28 hivi, na kisahani kinapita ndani ya beseni la maji. Nunua kisahani chenye ukingo mzima usio na mapengo. Kile chenye meno yaliyoachana ni cha zege, kitamegua pembe za jiwe lako. Kama lazima utumie grinda kwa bonge lisiloingia mezani, tafuta ya betri, ukate kwa michirizi mifupi ya kina kidogo na mwenzako akinyunyiza maji.

Kazi ya kuchonga yenyewe ina mashine za aina tatu unazoweza kupata. Kuna ile ndogo ya kushika mkononi, mfano wa Dremel, ambayo mota yake iko ndani ya kiganja chako. Ni nafuu na inafaa kujifunzia, lakini inapata moto haraka, na maji yanayotiririka kwenye biti yana njia fupi ya kuingia kwenye mota. Kuna ya mota inayoning'inizwa juu na waya mzito unaopindika, kama za Foredom, inayoendeshwa kwa pedali ya mguu. Kwa fundi wa Ukunda au Msambweni ningechagua hii bila kusita. Mota iko juu, mbali na maji, na mguu unaamua mwendo huku mikono yote miwili ikibaki kwenye jiwe. Ikiharibika, kaboni zake zinabadilishwa na fundi yeyote wa mota. Ya tatu ni ile nyepesi ya mafundi wa meno bandia, yenye kisanduku cha kudhibiti mwendo. Inakwenda mbio bila kutetemeka, nzuri mno kwa nakshi ndogo, ila kisanduku chake hakipendi umeme unaopanda na kushuka, na umeme wetu tunaujua. Zile za saluni za kucha zinafanana nayo kwa sura, lakini ukikandamiza kidogo tu zinasimama.

Pima kipenyo cha shina la biti kabla ya kulipa. Yapo mawili yanayouzwa sana: milimita 2.35, ambayo ndiyo ya mafundi wa meno na saluni, na milimita 3. Mshikio wa 2.35 hauingizi shina la 3, na mshikio wa 3 ukibana la 2.35 biti inayumba na kuchimba mashimo usiyoyataka. Mshikio wenye taya kama za drili hubana yote mawili, lakini ni mnene na unachosha vidole.

Biti zenyewe ni za namna mbili. Zilizopakwa zina tabaka moja tu la almasi, limegandishwa juu ya chuma kwa nikeli. Ni rahisi, zinakata kwa ukali siku za mwanzo, kisha tabaka likichubuka unaona chuma kinang'aa na biti imekufa. Zile za kuokwa zina almasi mpaka ndani, zimechanganywa na unga wa chuma na kuunguzwa pamoja. Bei yake ni mara kadhaa ya zilizopakwa, lakini zikiwa butu unazisugua kwenye kipande cha jiwe la kunolea na almasi mpya inatokeza. Mpango wenye akili ni kununua pakiti ya zilizopakwa kwa ajili ya kujifunza umbo lipi unalitumia zaidi, kisha umbo hilo moja au mawili, mara nyingi tufe na silinda, uyanunue ya kuokwa.

Maji hayahitaji pampu. Mpira wa dripu ya hospitali, mpya na safi, ukiufunga kwenye chupa iliyotundikwa juu ya meza, unatosha: gurudumu lake dogo la plastiki linakuwezesha kuhesabu matone. Elekeza matone mahali biti inapogusa jiwe, wala si juu ya shina. Utajua maji yanatosha ukiona uji mweupe unatiririka mfululizo. Uji ukigeuka ubandiko mkavu, au ukisikia sauti ya biti ikipanda na kuwa kali, inua mkono. Kubwa kuliko yote, usikandamize. Ukikandamiza unang'oa almasi.

Jiwe la Longido, lile la kijani cha zoisaiti lenye madoa mekundu ya rubi, litakupima kweli kweli. Zoisaiti ni kama 6.5 na rubi ni 9, kwa hiyo ukipiga msasa laini wa kitambaa, kijani kinaliwa na wekundu unabaki umevimba kama chunjua. Hapo unahitaji almasi kwenye sahani ngumu, si kwenye sponji, mpaka hatua ya karibu na mwisho. Kwa akiki, karatasi za msasa wa maji kutoka 220, 400, 600, 800 hadi 1,200 na zaidi zinafanya kazi, kisha ung'arishaji wa unga wa almasi kwenye ngozi. Jade hufuata njia hiyo hiyo. Ukiruka namba moja mikwaruzo itajitokeza kwenye mng'ao wa mwisho.

Umeme na maji juu ya meza moja ni hatari ambayo hapa huchukuliwa kimzaha. Mwambie fundi wa stima afunge kikatizi cha uvujaji wa umeme cha miliamperi 30 kwenye soketi ya karakana. Waya wa mashine ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni. Mashine ulizoletewa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 110 au 120. Ukizichomeka kwenye volti 240 zetu, unasikia harufu kabla ya kuona moshi. Na upepo wa kusi huleta chumvi mpaka ndani ya nyumba zilizo mbali na ufuo: jioni futa mshikio, paka mafuta mepesi, ufunge kwenye sanduku lenye mfuniko.

Vumbi ndilo linaloua polepole. Akiki na kwatzi ni silika, sawa na ule mchanga wa Msambweni unaotengenezea vioo, na vumbi lake likikaa mapafuni halitoki. Jade ya aina ya nefraiti ina nyuzi za madini ya ukoo mmoja na baadhi ya asbesto. Malakaiti ya Kongo, ingawa ni laini, ina shaba yenye sumu. Kitambaa au barakoa ya hospitali havitoshi kuzuia vumbi laini kama hilo. Chonga kwa maji kila wakati, vaa barakoa ya N95 au ya vichujio vinavyobadilishwa, na usifagie sakafu ikiwa kavu, kwa maana ule uji ukikauka unarudi kuwa vumbi. Zoa ukiwa mbichi, na nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala.

Ukifika dukani, omba mashine iwashwe. Funga biti ndefu nyembamba uitazame ncha ikizunguka taratibu: ikichora duara hewani badala ya kusimama kama sindano, rudisha. Shika mshikio dakika 5 bila kazi, na ukiwa moto kuliko kiganja chako, rudisha pia. Kisha uliza kama kaboni, waya wa ndani na koleo za kubania zinauzwa kando. Muuzaji akisema ukiharibikiwa utanunua nyingine nzima, nenda duka la pili.