Kubaleghe na Rushdi: Daraja za Akili ya Mtoto

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na Ali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Husikiwa mara nyingi mzee akisema, "Mwanangu amekwisha kubaleghe, sasa ajua jema na baya." Maneno haya ni nusu ya kweli. Kubaleghe ni jambo la mwili, nalo lina alama zake: kuota, au hedhi kwa mwanamke, au kutimiza miaka 15 ya mwezi kwa asiyeona alama. Ama kupambanua jema na baya ni jambo la akili, wala haliji kwa usiku mmoja. Huanza kabla ya kubaleghe, na pengine huchelewa sana baada yake.

Mwanzo wake ni tamyizi. Wanazuoni wa Kishafi hawakuipima kwa miaka peke yake. Walitazama kama mtoto aweza kula, kunywa na kustanji bila ya kusaidiwa, na aghlabu huwa hivyo apatapo miaka 7. Hapo walii humwamrisha kusali, na akiacha naye ametimiza miaka 10, hutiwa adabu kwa pigo lisilodhuru. Wengi husahau kuwa wajibu huu ni wa mzazi. Mtoto mwenyewe hana dhambi, kwani kalamu imeondoshwa juu yake. Mwenye kuulizwa ni baba aliyenyamaza. Walakini mtoto huyo huyo akivunja chungu cha jirani, thamani yake hutolewa katika mali yake ikiwa anayo. Dhambi hana, na haki ya mtu haikupotea. Mtoto akifahamishwa hayo mapema, hujua kuwa neno "sikukusudia" humwondolea lawama, wala halimrudishii jirani chungu chake. Na wazazi wakiachana, mwenye tamyizi hupewa khiari akae kwa baba au kwa mama. Basi Sharia imekwisha kuisikiliza akili yake, ingawa haijamtwika mzigo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameeleza katika Ihya kuwa alama ya kwanza ya akili ya mtoto ni haya. Atendaye kosa akajitahidi kulificha, amekwisha jua kuwa ni kosa. Kwa hiyo mara ya kwanza baba ajifanye hakuona. Akirudia, amkaripie faragha. Maana aliyefedheheshwa mbele ya watu huzoea fedheha, akawa hajali tena. Tena asizidishiwe makaripio, na atokapo chuoni aachwe acheze. (Walimu wengine wa vyuo wakisikia haya husema ni ulegevu, basi na wamjibu Ghazali.) Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808, alisema kuwa ukali uliopita kiasi humfundisha mwanafunzi uwongo na hila, akadhihirisha yasiyomo moyoni kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Mtoto aliyefungishwa Ramadhani kwa bakora tu, siku bakora iondokapo hula mchana.

Kisha Ghazali akasema kuwa mtoto aliyelelewa hivyo, akikaribia kubaleghe, ndipo aelezwapo siri ya yale aliyoamrishwa. Hapa ndipo wazazi wengi wakomapo: huamrisha kwa miaka 7, hupiga kwa miaka 10, na kwa miaka 14 hawana neno la kusema. Kijana huuliza, "Kwa nini riba ni haramu, na hali mkopaji ameridhia mwenyewe?" Huambiwa, "Nyamaza, usikufuru." Hakukufuru. Akili yake imefika mahali pa kutaka hoja, na asiyepewa hoja nyumbani huitafuta barazani kwa wasioijua.

Ama rushdi ndiyo daraja ya kukabidhiwa mali. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ameamrisha mayatima wajaribiwe, wasipewe mali mpaka wafike umri wa kuoa na rushdi yao ionekane. Katika madhehebu ya Shafi, rushdi ni kutengenea dini na mali pamoja. Na namna ya kujaribu imeandikwa katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676: mwana wa mfanyi biashara hujaribiwa katika kupatana bei, na mwana wa mkulima katika ukulima na matumizi ya wafanyao kazi. Katika nchi ya minazi, ni kama kumpa kijana hesabu ya wakwezi na nazi walizoangua. Hurudiwa mara mbili au zaidi, na kwa kauli yenye nguvu wakati wake ni kabla ya kubaleghe. Bei ikipatikana, walii ndiye auzaye, kwani mauzo ya mtoto hayasihi. Na fedha aliyopewa ya kujaribiwa ikipotea mkononi mwake, walii hailipi.

Basi tazama walii amzuiaye yatima asishike hata senti moja miaka 15, kisha siku moja humkabidhi shamba na duka. Na mwengine humwita safihi kila mwaka, na mali hiyo yeye ndiye aila. Aya hiyo hiyo imemkataza wa pili kuila kwa haraka kabla hawajakua, ikaamrisha mashahidi wakati wa kukabidhi.

Na ikiwa amebaleghe wala hana rushdi? Abu Hanifa alisema afikapo miaka 25 hupewa mali yake. Kwa Imamu Shafi hapewi, hata akiota mvi, mpaka rushdi ionekane.

Wallahu aalam.