Kadi ya bei ndiyo itakayokusemea

Mara mbili kwa mwaka, kumbi za maonyesho, kumbi za makanisa na hata majengo ya maduka yaliyofungwa huko Marekani hugeuka magulio ya vitu vya watoto. La kwanza huwa kati ya Februari na Aprili, kwa nguo za majira ya joto. La pili huangukia Agosti hadi Oktoba, kwa makoti na sweta. Wazazi hupeleka kwa mali kauli: unaandaa vitu nyumbani, unavipa bei, unaviacha ukumbini, na mauzo yakiisha unapokea fungu lako. Just Between Friends ya Tulsa, Oklahoma, na Rhea Lana's ya Conway, Arkansas, ambazo leo zina magulio katika majimbo mengi, zote zilianza sebuleni mwaka 1997. Mbali na hizo yapo magulio madogo ya shule na makanisa, na kwa mzazi anayeanza hayo ndiyo mepesi kujifunzia.

Sisi tuliozoea masoko ya mitumba kama Karume, Gikomba au Memorial ya Moshi tunaweza kuiona kazi hii nyepesi, mpaka tukumbuke kwamba hapa muuzaji hayupo. Hakuna wa kusema, "Mama, hiyo ni daraja la kwanza, igeuze uone." Hakuna wa kupunguza buku mteja akianza kuondoka. Mnunuzi amesimama mbele ya nguo mia mbili za saizi moja, mtoto analia kwenye kigari, na nguo yako ina sekunde chache tu mkononi mwake. Yote ambayo ungemwambia kwa mdomo yawe yameandikwa kwenye kadi ya bei, au yaonekane kwenye nguo yenyewe.

Kuchagua kwanza, na hapa uwe mkali. Nguo za watoto wachanga wa chini ya miezi mitatu hujaa kila gulio, kwa sababu mtoto huziacha kabla hazijachakaa. Usiziuze mojamoja, zifunge tano au sita kwa bei moja. Suruali za wavulana kuanzia saizi ya 5 ni adimu, maana wavulana hutoboa magoti kabla ya kuzizidi, kwa hiyo yenye magoti mazima haikai. Mabuti ya theluji, makoti mazito na suruali za kuchezea theluji hutoka haraka kwenye gulio la vuli. Hizo ziuze hukohuko. Najua kishawishi cha kutia kila kitu kwenye sanduku la kutuma nyumbani kwa ajili ya watoto wa ndugu, lakini suruali ya theluji haina kazi hata kwenye baridi ya Makete. Peleka nyumbani pamba nyepesi na viatu vya shule. Pesa ya koti itasaidia kulipia uzito wa sanduku.

Kuna vitu ambavyo havipaswi hata kufika mlangoni, na hili si suala la heshima tu bali la sheria. Tangu sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 2008, ni kosa Marekani kuuza kitu ambacho kimetangazwa kuondolewa sokoni kwa sababu ya hatari, hata kama kwako hakijawahi kuleta shida. Vitanda vya watoto vyenye ubavu unaoshuka vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Juni 2011. Kiti cha kulalia cha Rock 'n Play cha Fisher-Price, ambacho kilikuwa katika nyumba nyingi zenye watoto wachanga, kiliondolewa sokoni Aprili 2019, vipande vipatavyo milioni 4.7. Sheria ya mwaka 2022 ikaongeza vitanda vyote vya mteremko vya kulaza watoto wachanga na ile mito myembamba ya kuzungushia ndani ya kitanda. Koti la mtoto mdogo lenye kamba ya kukaza kofia nalo liache, au vuta kamba uitoe kabisa. Aliye Kanada ajue kwamba huko vigari vya kujifunzia kutembea, vile anavyokalia mtoto na kuvisukuma kwa miguu, haviuzwi tangu mwaka 2004, hata uani kwako. Chukua jina na namba ya modeli ya kila kifaa, uitafute kwenye tovuti ya CPSC, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa. Kwa viti vya watoto vya garini, tafuta kwa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani.

Kiti cha garini kina sharti zaidi. Geuza chini au nyuma yake: utaona tarehe ya kutengenezwa, na mara nyingi tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida kati ya miaka sita na kumi tangu kilipoundwa. Kikiwa kimepita, kata mikanda yake kwa mkasi kabla ya kukitupa ili asiwepo wa kukiokota akakitumia. Kikiwa kimepata ajali, vivyo hivyo. Kama hujui historia yake kwa sababu wewe mwenyewe ulipewa na mtu, usikiuze. Yapo magulio yanayokutaka utie saini kwamba hakijawahi kuwa kwenye ajali, na saini hiyo ni neno lako kwa mzazi usiyemjua.

Sasa kufua. Nguo iliyowekwa kabatini safi mwaka jana inaweza kutoka na madoa ya njano shingoni na kifuani. Ni mabaki ya maziwa: hayakuonekana ulipoikunja, yakabadilika rangi kadiri yalivyokaa. Sabuni ya kawaida haiyaondoi. Tumia unga wa kuondoa madoa unaofanya kazi kwa oksijeni, kama OxiClean, kwenye maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu, uloweke usiku kucha. Usitie jiki kwenye nguo za rangi. Kisha anika juani zikiwa mbichi, upande wenye doa ukitazama jua. Kwa nguo nyeupe za pamba, jua la mchana mmoja hufanya kazi ambayo mashine imeshindwa. Usipitishe nguo kwenye mashine ya kukaushia kabla doa halijatoka, kwani joto huligandisha. Na doa likibaki baada ya hapo, nguo hiyo ni ya kuchezea nyumbani. Wakaguzi wa gulio hutazama kila kipande mwangani, wala hawakuulizi kitu wanapokirudisha.

Ikishakauka, ikague namna mnunuzi mzoefu wa mitumba anavyokagua: geuza kola, tazama kwapa, vuta lastiki ya kiunoni, pandisha na kushusha zipu, hesabu vifungo, ingiza kidole magotini. Uzi uliolegea ukate. Kifungo kilichopotea kishone, maana mzazi hanunui kazi ya kushona. Vipele vya sweta huondoka kwa kile kiwembe cha umeme cha nguo. Pasi si lazima kwa fulana, lakini gauni la sherehe na shati la kola zipigwe. Nguo yenye makunyanzi huonekana kuukuu hata ikiwa mpya.

Kisha henga. Magulio mengi yanataka nguo itazame mbele, na ndoano ya henga ikae kama alama ya kuuliza unapoitazama nguo. Zikiwa zote upande mmoja, mnunuzi anazipekua bila kukwama. Henga za waya za dobi ni za bure na zinafaa kwa nguo nyepesi, lakini hakikisha ukubwa: henga ya mtu mzima hutanua mabega ya nguo ya mtoto wa miaka miwili. Suruali ibanwe na pini kwenye mabega ya henga, si kuning'inizwa kwenye waya wa chini, kwani itateleza na kuanguka, na ikiwa chini hakuna atakayeiona. Shati na suruali za pamoja ziwekwe kwenye henga moja, suruali nyuma ya shati, zishikwe kwa pini mbili. Pini ni zile za nepi zenye kichwa cha kufungia. Sindano tupu zitamchoma mtu. Unapobana kadi kwa pini, toboa kwenye mshono au kwenye lebo ya kiwanda shingoni, usitoboe kifua cha nguo. Mashine ile ya kuchomea uzi wa plastiki ni ya haraka, lakini huacha tundu kwenye kitambaa laini, kwa hiyo nayo ipite kwenye lebo au mshono tu.

Tumefika kwenye kadi. Siku hizi huandiki kwa mkono: unajiandikisha, unapewa namba ya muuzaji, unaingiza kila kitu kwenye programu ya gulio, nayo inakutengenezea kadi zenye msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine kaunta. Chapisha kwenye karatasi nyeupe nzito, unene unaokaribia manila. Karatasi nyepesi ya ofisi huchanika kwenye pini nguo ikivutwa mara tatu, na kadi ikidondoka nguo haina mwenyewe. Wino uwe mweusi wa kutosha. Usibandike selotepu juu ya mistari, kwani mng'ao wake huisumbua mashine, na usipunguze ukubwa wa kadi ili zitoshe nyingi kwenye ukurasa mmoja.

Sehemu ya maelezo ndiyo wengi wanaiharibu. Wanaandika "shati" wakaishia hapo. Andika kwa Kiingereza cha dukani, kifupi, kwa mpangilio huu: jina la kampuni, aina, rangi, kitu cha kuitambulisha, na idadi ya vipande. Kwa mfano: Carter's, shati la bluu lenye mbwa kifuani pamoja na kaptura, vipande viwili. Faida zake ni mbili. Mnunuzi akiona kaptura haipo anajua kuna kilichopungua. Na kadi ikidondoka, wahudumu wataweza kuirudisha kwenye nguo yake kwa kusoma maelezo. Kwenye meza ya kadi zilizopotea, "shati" moja haitofautiki na "shati" nyingine. Saizi nayo iandike ilivyo kwenye lebo ya kiwanda, ukikumbuka kwamba 2 na 2T hazilingani, T ikiwa ya mtoto mdogo ambaye bado yuko kwenye nepi. Kama nguo ilisinyaa kwenye mashine, andika saizi inayoingia sasa na useme hivyo kwenye maelezo. Kasoro ndogo isemwe pia. Mtu akinunua huku anajua, hana neno.

Bei ni jambo gumu kwa sababu unakumbuka ulichotoa. Kisahau. Kanuni inayotumiwa na wauzaji wengi ni robo hadi theluthi ya bei ya dukani, na dukani maana yake ni bei ya punguzo ambayo watu wananunulia kweli, si ile iliyokatwa kwa mstari. Fulana iliyouzwa dola 10 iwekee 2.50 au 3. Vifaa vikubwa vilivyo katika hali nzuri, kigari au kiti kirefu cha kulia chakula, vinaweza kufika nusu. Gauni la kitenge ulilomshonea mtoto kwa fundi wa nyumbani, hata kama ni zuri, mnunuzi wa pale hana bei ya kulinganisha, mpe rafiki. Mimi ningeweka bei inayomfanya mnunuzi asifikiri mara mbili, kwa sababu kinachobaki kinakugharimu pia: utakibeba tena, utakihifadhi tena.

Tuseme una vitu 60 vya wastani wa dola 4, na theluthi mbili vimeuzwa. Hizo ni dola 160. Gulio likikupa asilimia 65, ni 104. Toa ada ya kujiandikisha, tuseme 12, unabaki na 92. Ukikubali kujitolea zamu ya saa chache kupanga nguo au kukaa kaunta, magulio mengi hukupandishia asilimia, na zaidi hukuruhusu kununua kabla ya umma kuingia. Kwa mzazi anayetafuta koti la mwakani, nafasi hiyo ya kuingia mapema ina thamani zaidi kuliko asilimia.

Kadi ina vijisehemu viwili vya ndiyo au hapana ambavyo watu huvipita haraka. Cha kwanza ni nusu bei siku ya mwisho. Weka ndiyo kwa nguo zote za kila siku, na hapana kwa kigari, kitanda, au chochote unachoweza kukiuza mwenyewe kwa jirani. Cha pili ni sadaka kisipouzwa. Ukikubali, vitachukuliwa na shirika la hisani, na baadhi huishia kwenye marobota yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam.

Vitu vya kuchezea vina mambo yake machache. Tia betri mpya, maana mtoto atabonyeza kitufe palepale na mama atasikia. Kitu kilicho kimya huonekana kibovu. Betri za zamani zikiwa zimevuja, futa ule unga mweupe kwa siki na pamba ya masikio, ukaushe kabla ya kuweka nyingine. Picha za kuunganisha vipande zihesabu, uziweke kwenye mfuko wa plastiki, uandike kwenye kadi kwamba zimetimia. Viatu vifunge jozi kwa vile vifungio vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya, vikitazama upande mmoja, na usivitie kwenye mfuko: watu hutaka kuona soli. Kitu chenye sehemu nyingi kizungushie plastiki nyembamba ya jikoni, kadi ikiwa juu yake na si chini, ili isomwe bila kufunguliwa.

Siku ya kupeleka, panga nguo kwa jinsia na saizi kabla hujatoka nyumbani, uzifunge henga kumi kumi kwa raba. Utazitundika mwenyewe ukumbini, na aliyezipanga humaliza wakati mwingine bado anatafuta 3T. Gulio likiwa linaendelea, programu nyingi hukuonyesha kila jioni kilichouzwa. Siku ya kuchukua fika ndani ya saa zilizotajwa, kwani muda ukipita vitu huhesabiwa vimetolewa sadaka. Tembea na orodha mkononi, pita na mezani palipo kadi na vitu vilivyotengana, na vilivyobaki usivitoe kadi zake: magulio mengi hukuruhusu kuvihamishia msimu unaofuata bila kuviingiza upya, ukabadilisha bei tu na kuchapisha.