Gamba la Samaki na Siri ya Rangi ya Ngozi

Gamba la perege likiwekwa katika tone la maji ya chumvi na kutazamwa kwa hadubini, huonekana madoa meusi yenye matawi mfano wa mizizi. Kila doa ni seli moja ya rangi. Ndani yake mna chembe ndogo mno za melanini, rangi ileile inayotia weusi ngozi na nywele za binadamu. Chembe hizo zikitawanyika hadi ncha za matawi, samaki hukoza weusi. Zikikusanyika katikati ya seli, hupauka.

Safari ya chembe hizo huongozwa na kemikali. Gamba likidondoshewa adrenalini, hupauka baada ya muda mfupi. Adrenalini hujishikiza kwenye vipokezi vya seli, mjumbe wa ndani aitwaye AMP duara hupungua, na protini maalumu huzivuta chembe katikati. Homoni ya kuchochea melanini, itokayo katika tezi ya pituitari chini ya ubongo, hufanya kinyume: humwongeza mjumbe huyo, na protini nyingine huzisukuma chembe kuelekea nje. Kloridi ya potasiamu nayo hupausha gamba, lakini kwa njia ya mzunguko: huziamsha ncha za neva zilizobaki katika gamba, nazo humwaga noradrenalini. Ndiyo maana dawa inayoziba vipokezi vya noradrenalini huizuia potasiamu isipaushe gamba.

Ngozi ya binadamu haibadiliki upesi namna hiyo. Seli zake za rangi huzigawia seli jirani chembe za melanini, na badiliko huonekana baada ya siku au majuma. Hata hivyo, homoni inayomtia samaki weusi huielekeza ngozi ya mtu vivyo hivyo, na hapo ndipo somo la gamba linapomfikia mgonjwa.

Mwaka 1855, tabibu Thomas Addison wa London alieleza ugonjwa unaotokana na kuharibika kwa tezi adrenali, zilizo juu ya figo. Tezi hizo huweza kuharibiwa na kinga ya mwili wenyewe au na kifua kikuu. Homoni ya kotisoli inapopungua, pituitari hutoa kwa wingi homoni ya kuziamsha tezi hizo. Homoni hii inafanana na ile ya kuchochea melanini, nayo hukishika kipokezi kilekile cha seli za rangi. Matokeo yake, ngozi hukoza weusi.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, dalili hii hupita kwa urahisi bila kutambuliwa. Mhudumu wa afya atazame fizi, mikunjo ya viganja na makovu mapya, kisha aulize kuhusu uchovu, kukonda, kizunguzungu wakati wa kusimama na hamu kubwa ya chumvi. Dalili hizi zikiandamana, mgonjwa apelekwe kupimwa kotisoli, sodiamu na potasiamu katika damu.

Ugonjwa huu hutibika kwa vidonge vya kurudisha homoni iliyopungua, navyo humezwa kila siku maishani. Mgonjwa asiviache ghafla, hata akijiona mzima. Akipata homa, dozi huongezwa kwa maelekezo ya daktari. Akitapika hata dawa isikae tumboni, awahishwe hospitali achomwe sindano, kwa maana kuchelewa kwaweza kugharimu uhai.