Mandhari si Pazia: Mwanga, Maji na Mawe katika Mchoro wa Canaletto

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi huichukulia mandhari kama pazia la nyuma, mahali pa kuwasimamisha wahusika tu. Dhana hiyo hiyo imemwandama Giovanni Antonio Canal, maarufu kama Canaletto (1697-1768), mzawa wa Venice na mwana wa mchoraji wa mapazia ya jukwaani. Kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa Waingereza matajiri waliotaka kumbukumbu ya safari zao, wapo wanaoiona kazi yake kuwa bidhaa ya watalii. Hukumu hiyo ina ukweli kwa baadhi ya michoro yake ya baadaye. Haiufai hata kidogo ule wa Uga wa Wachonga-mawe, uliochorwa yapata mwaka 1725 na ambao umehifadhiwa katika National Gallery, London.

Mtazamaji anayetarajia maji mengi atashangaa. Mfereji Mkuu umebanwa katikati ya turubai, ukawa ukanda mwembamba tu. Mbele yake umetanda uwanja wa San Vidal, umejaa vibanda vya mbao na mawe yanayochongwa. Ng'ambo limesimama kanisa la Santa Maria della Carità na mnara wake wa kengele.

Ni asubuhi, jogoo yuko dirishani. Mwanga haulipendelei kanisa. Unaangukia vilevile lipu iliyobambuka, nguo zilizoanikwa, na mtoto aliyeanguka chali na kujikojolea huku mamaye akimkimbilia. (Wanunuzi wa kumbukumbu za fahari hawakuwa na haja na mtoto huyo.)

Maji nayo, ingawa ni machache, ndiyo yanayoyafafanua mawe. Venice imejengwa juu ya visiwa vya wangwa visivyo na machimbo. Mawe yake meupe mashuhuri yalitoka Istria, ng'ambo ya Bahari ya Adria, na yaliingia mjini kwa vyombo. Kwa hivyo uga ule kuwa ukingoni mwa mfereji si pambo la msanii: usanifu wa mji huo ulianzia majini, kisha ukapitia mikononi mwa vibarua ambao Canaletto amewaweka mbele ya kanisa.

Mnara huo uliporomoka mwaka 1744. Kanisa lenyewe sasa ni sehemu ya makumbusho ya sanaa ya Accademia, na tangu 1854 watu huvuka hapo kwa daraja. Katika turubai, anayetaka kuvuka hana budi kutafuta mashua.