Najashi na Njia ya Unyanyembe

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yapasa kujua ya kwamba taifa haliheshimiwi mbele ya mataifa kwa wingi wa askari na mali peke yake. Masahaba walipoudhiwa Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Uhabeshi, kwa kuwa mfalme wake, ingawa alikuwa Mkristo, alijulikana kwa uadilifu. Makureshi wakawafuata na zawadi ili watolewe. Najashi akawasikiliza wakimbizi kwanza, kisha akazirudisha zawadi. Hapana ajuaye leo alikuwa na askari wangapi.

Basi na itazamwe Tabora. Katika karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Ujiji na Bagamoyo. Pembe za ndovu zilipita njia ile, na wanadamu wenye minyororo shingoni wakapita pamoja nazo. Wala si haki kuficha: wengi katika wenye misafara walikuwa Waislamu, wakisali sala tano na kufunga Ramadhani, hali kiumbe wa Mungu amefungwa uani mwao. Wapo wasemao kwamba Wazungu waliyatia chumvi mambo hayo. Hata yakipunguzwa, yabakiayo yatosha kuaibisha.

Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1972, watu wa Burundi walipoyakimbia mauaji ya kwao, serikali ya Tanzania iliwapa ardhi Ulyankulu, kaskazini-magharibi ya Tabora. Wengine wakapewa Katumba, na baadaye Mishamo. Wengi wao walikuwa Wakristo, kama vile Najashi alivyokuwa kwa Masahaba. Walikata mwitu, wakalima, wakala jasho lao. Mwaka 1983 Julius Nyerere, aliyesoma Tabora katika ujana wake, alipewa nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa wenye kuwahifadhi wakimbizi.

Lakini sifa ni deni. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara na Karagwe walirudishwa kwao, askari wakiwasukuma. Walioitetea serikali walitaja wauaji waliojificha miongoni mwao, na mzigo wa mamia ya maelfu ya watu. Na hoja hizo zina uzito. Hata hivyo Suratut-Tawba, katika aya ya 6, yaamrisha kwamba hata mshirikina akiomba himaya apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Kumfikisha mtu si kumsukuma.

Ama wale wa Ulyankulu na wenziwao wa Katumba na Mishamo, mwaka 2010 ilitangazwa ya kuwa watu 162,000 hivi wamekubaliwa uraia. Iliwapasa kwanza waukane uraia wa Burundi. Kisha jambo likasimama, wakawa hawana huku wala huko, mpaka vyeti vilipoanza kutolewa Oktoba 2014. Wengi wao walikuwa wamezaliwa papo hapo, na wazee wao wamezikwa papo hapo.