Upepo Uingie, Paka Abaki Nje

Mji wa Dar es Salaam uko upande wa kusini wa Ikweta, karibu digrii 7, nao umejengwa kando ya bahari. Tangu Desemba hata Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana hufika digrii 31 au 32 za Selsiasi, na usiku halishuki sana. Hata alfajiri aghalabu ni digrii 25. Ziko nchi zenye joto kuliko hilo, lakini hewa ya pwani imejaa mvuke wa maji, na kwa sababu hiyo jasho halikauki upesi mwilini. Mtu wa Dodoma aweza kutundika nguo mbichi dirishani akapata baridi kidogo, maana hewa ya kwao ni kavu. Mtu wa Dar es Salaam akifanya vivyo hivyo, atapata nguo mbichi tu. Kwake yeye dawa kubwa ya joto ni upepo.

Wajenzi wa zamani walilijua jambo hili. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ambayo mifano yake yasimama hata leo kati ya majengo marefu, ina mlango wa mbele utokao barazani na mlango wa nyuma uendao uani. Katikati pana ukumbi mrefu, na vyumba huku na huku. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na mwenye chumba akiacha mlango wake wazi na kushusha pazia tu, naye hupata sehemu yake. Paa la makuti nalo lilikinga jua vizuri kuliko bati, ila lilishika moto upesi, tena panya walilipenda.

Upanga si mbali na Kariakoo, lakini ujenzi wake ni mwingine. Humo nyumba nyingi ni za ghorofa, za saruji, nazo zimegawanywa ziwe makao ya jamaa mbalimbali. Ukuta wa saruji hunywa joto la jua mchana kutwa, na usiku hulitoa. Mwanafunzi akitaka kuhakikisha, na aweke kiganja chake juu ya ukuta unaotazama magharibi saa mbili ya usiku. Atadhani amegusa chungu kilichoepuliwa jikoni muda si mrefu.

Katika nyumba ya namna hiyo, ghorofa ya tatu, walikaa baba, mama, bibi na watoto wawili. Walifuga paka, wala si kwa anasa, maana panya hupanda kwa mabomba ya maji mpaka juu. Lakini mtoto mdogo alikuwa na pumu, na daktari alikwisha waambia kwamba paka asilale chumbani mwake. Watu wengi hudhani ya kuwa manyoya yenyewe ndiyo yanayodhuru. Sivyo. Katika mate ya paka mna kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Paka ajilambapo hukipaka manyoya yake. Kikisha kukauka, huruka hewani pamoja na vumbi, na huweza kukaa katika godoro kwa miezi mingi. Si kila mwenye pumu adhurikaye nacho, lakini yule mtoto alidhurika. Zaidi ya hayo, makucha ya paka hupasua chandarua, na tundu dogo latosha kumpitisha mbu wa malaria.

Basi kila usiku mlango wa chumba cha watoto ulifungwa, na dirisha likaachwa wazi.

"Bibi, joto limenizidi," alisema mtoto mkubwa. "Naomba nifungue mlango."

"Ukifungua, mjukuu wangu, paka ataingia, na mdogo wako atakohoa mpaka asubuhi. Vumilia."

Usiku mmoja wa Februari umeme ulikatika, na pangaboi likasimama. Yule mtoto mkubwa akavumilia hata akashindwa, akaondoka polepole akafungua mlango, akarudi kulala. Kabla ya alfajiri bibi alisikia sauti kama ya filimbi. Alipoingia, alimkuta paka amejikunja miguuni pa mtoto mdogo, na mtoto ameketi kitandani akitafuta pumzi. Baba alimbeba mgongoni, akashuka naye ngazi gizani, akampeleka hospitali. Mtoto alipona, lakini siku mbili hakuweza kwenda shuleni. Kaka yake alilia sana, ijapokuwa hapana mtu aliyempiga wala kumkemea.

Baba aliazimia kumtia paka katika gunia akamwache sokoni Kariakoo. Bibi alimzuia. "Mwanangu," akasema, "paka hana kosa, na mtoto hana kosa. Kosa ni la mlango. Kwetu Kariakoo upepo ulipita ukumbini. Hapa mmeufungulia njia ya kuingilia, mkauzibia njia ya kutokea."

Maneno ya bibi yaweza kujaribiwa kwa chupa tupu. Ilaze chupa juu ya meza. Finyanga kipande cha karatasi kiwe kijidonge kidogo kuliko mdomo wa chupa, ukiweke shingoni mwake. Sasa puliza kwa nguvu ili kiingie ndani. Hakitaingia, yamkini kitaruka nje kikugonge usoni. Kwa nini? Kwa sababu chupa haikuwa tupu, ilijaa hewa, na hewa hiyo haina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa ni kama chupa ile. Upepo huvuma nje, hupiga ukuta, ukapita zake, na mlalaji hupata kidogo tu. Chumba hutaka matundu mawili, tena yafaa yawe pande mbalimbali, kwa maana upepo haukai na tabia moja: mchana huvuma kutoka baharini, na usiku mara nyingi hulegea, au huja ule upepo mdogo wa nchi kavu ambao watu wa pwani huuita umande.

Baba alikwenda Gerezani kwa fundi seremala, wakashauriana. Mlango wa mbao uliachwa mahali pake. Upande wa pili wa fremu ile ile fundi aliweka mlango wa pili, mwepesi, wa fremu ya mbao na wavu wa chuma. Wavu huo si ule mwembamba wa mbu. Madirisha yote ya nje yalikuwa na wavu wa mbu tayari, na kuuweka tena mlangoni kungalipunguza upepo bure, maana kadiri matundu yalivyo madogo, ndivyo hewa inavyopita kwa shida. Kwa paka matundu ya sentimita moja yatosha. Wavu wa plastiki haufai kabisa. Makucha huukata kwa siku chache. Sehemu ya chini ya mlango, kiasi cha shubiri mbili, ilitiwa ubao mtupu, kwa kuwa ndipo paka akwaruzapo. Komeo liliwekwa juu asipoweza kulirukia, nalo ni jepesi, hufunguka kwa mkono mmoja pasipo ufunguo, ili watoto waweze kutoka upesi pakitokea moto. Mtoto asiyelifikia awekewe kigoda.

Kazi ilikuwa karibu kuharibika kwa kusahau jambo moja. Juu ya mlango palikuwa na kidirisha cha kupitisha hewa, na usiku wa kwanza paka alipanda kabati, akarukia pale, akashuka chumbani kana kwamba ndiye aliyeujenga mlango. Kesho yake nacho kilitiwa wavu.

Wavu wa mbu dirishani nao hutaka kutunzwa. Vumbi la mji huziba matundu yake. Na uoshwe kwa maji na sabuni kila mwezi, hasa nyakati za kiangazi. Katika ghorofa uwe imara kwa sababu nyingine pia: paka akiona ndege husahau urefu wa nyumba, na wengi huanguka. Wala wavu wa dirisha hauondoi haja ya chandarua kitandani. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko Uhindi, watu hawana udhuru wa kutojua.

Mengine ni mepesi. Dirisha linalopigwa na jua la asubuhi au la alasiri lishushwe pazia nene mapema, jua lisiingie. Lifunguliwe jua likisha kupungua. Kitanda kisisogezwe kwenye ukuta wa magharibi. Pangaboi halipozi hewa, hulisukuma tu jasho likauke. Kuliacha lizunguke katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza fedha. Jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya watumishi waliovuta kamba za pepeo kubwa la dari katika nyumba za wakubwa, kabla ya umeme. Kiyoyozi hupoza kweli, lakini hutaka chumba kifungwe kabisa, na umeme ukikatika chumba hicho hurudi kuwa chupa.

Paka naye alitengenezewa mahali. Bibi alimpa chakula chake usiku, watu walipokuwa karibu kulala, kwa kuwa paka mwenye njaa hulia mlangoni, na akamwekea bakuli la maji ukumbini. Siku tatu au nne alikwaruza ule ubao. Kisha akaacha, akachagua kulala sakafuni mbele ya wavu, hapo hasa upepo unapotokea.